Gervas Si Bosi

Magomeni, Mtwara

Dada yangu mpendwa Leokadia,

Tumsifu Yesu Kristu. Goti lako linaendeleaje? Na mibuni, imepata mvua safari hii? Sisi huku ni wazima. Tangu marehemu mume wangu alipohamishiwa bandarini nimezoea kila kitu cha Mtwara isipokuwa joto lake.

Dada, kaa chini kwanza. Jumapili mnakwenda kwa kina Edina kumposea Gervas, na utakachokisema nakijua, maana niliyekuandikia ni mimi: kwamba mwanangu kasoma China, sasa ni bosi, ana ofisi na watu chini yake. Usiseme hivyo. Gervas si bosi. Anabebesha miche ya mikorosho kwenye kitalu, upande wa Naliendele. Anachukua kikonyo cha mkorosho mzuri, anakichomeka kwenye mche uliooteshwa kwa mbegu, anafunga kwa utepe wa nailoni, basi. Suruali yake magotini ni udongo mtupu.

Ofisi alipewa kweli. Nilipokuandikia, ufunguo ulikuwa mezani, nami nikaongeza chumvi yangu. Wiki ileile akaurudisha. "Mama, kule nitakuwa nasaini karatasi tu. Mkono wangu uko kwenye miche."

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Ndipo akanieleza habari za mzee mmoja, mlinzi wa bweni lao kule China, mfuasi wa mafundisho wanayoyaita Tao, yaani Njia.

"Umebadili dini?" nikamkatiza.

"Hapana, Mama. Rozari yangu hii hapa."

Akasema wazee wa mafundisho hayo walikuwa wakimsifu mtu wa kweli. Si mtu asiyesema uongo tu, hapana. Ni yule ambaye ndani na nje ni mmoja. Akipata hajitangazi, akikosa hasononeki, wala hasukumi mambo yaende kabla ya wakati wake. Hata pumzi yake ni ndefu, inashuka mpaka visiginoni.

"Visiginoni? Yangu inaishia hapa kooni, jirani akileta friji mpya."

Akacheka.

"Na huyo mtu wa kweli ana mke?"

"Wengine wanao."

"Basi kamuulize huyo mke wanakula nini."

"Wanakula, Mama. Wewe umewahi kulala njaa hapa?"

Bado sikukubali.

Kilichonivunja ni miche. Nilikuwa nakwenda kumsaidia kumwagilia. Mzee Salumu, mkulima wa korosho wa kijiji cha jirani, alikuwa ameagiza miche ya shamba lake jipya. Mimi kila asubuhi nafungua utepe kidogo, nachungulia kama vikonyo vimeshika, nipate la kuwatambia wanawake wa jumuiya. Siku si nyingi mstari mzima ukakauka.

Mzee Salumu alipokuja, nikawahi kusema, "Ni hili jua." Gervas alikuwa ameshayaona mafundo yangu kwenye tepe. Hakunitazama. Akasema tu, "Mzee, miche imekufa mikononi mwetu. Nitabebesha mingine, lakini utachelewa kupanda."

Dada, aibu iliyonishika! Nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa nafungua kuchungulia."

Mzee akanikazia macho, kisha akaangua kicheko. "Mama Gervas! Mche si sufuria ya wali, uufunue kila saa! Haya, nitangoja."

Nilipogeuka, mwanangu ameshakaa chini, kisu mkononi, anaanza upya taratibu, kama vile hakuna aliyemkosea. Nikamuuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa kweli?"

"Anayejiita hivyo ameshapotea, Mama. Nipe huo utepe."

Nimefikiri sana tangu siku ile. Wenzangu wa jumuiya wana watoto wenye magari, lakini nani ana mtoto kama huyu? Unaona, hata hapo najisifu! Pengine nitazikwa hivihivi. Lakini uongo wangu usimkoseshe mwanangu mke. Edina anajua kazi ya Gervas, aliambiwa naye mwenyewe mapema. Asiyejua ni baba wa binti, na Gervas anasema ni heri akataliwe alivyo kuliko kukubaliwa asivyo. Mweleze mzee huyo kabla hamjaweka kibuyu cha pombe ya rubisi chini. Akikasirika, mwambie akasirike nami.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie apunguze tumbaku. Msalimie mjomba katekista, na mama mdogo anayetusukia mikeka; wa mwisho bado naulalia.

Na wakikuuliza kijana anafanya kazi gani, sema anabebesha miche ya mikorosho. Halafu nyamaza. Najua utataka kuongeza kitu, maana tumetoka tumbo moja. Usiongeze.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Gervas