Namba ya Mama Sein

Jumatatu, 9 Juni 2003
Chai ya asubuhi kwa kibanda cha Mama Sein, kando ya soko la mbuzi, kama kawaida. Nimegundua namba ambayo hakuna kichwa Kitengela nzima kinaweza kuigawanya: 510511.

Sawa, uongo. Ni ya Musyoka, mwalimu mstaafu, yule Mkamba wa miwani. Amezidisha 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17, akapata 510510, akaongeza moja. Gawanya kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja. Halafu akamwambia Mama Sein, "Hii namba ni wewe. Haigawanyiki." Mjane mzima akacheka mpaka akamwaga maziwa. Kwangu hajawahi kumwaga hata maji.

Jumanne, 10 Juni
Wivu. Unauma kama siafu ndani ya suruali. Nimegawanya kwa makaa kwenye ukuta wa choo. Niliachia shule darasa la nne lakini kugawanya najua. Saba: inabaki moja. Kumi na moja: moja. Kumi na saba: moja tena, inanikodolea macho kama Musyoka mwenyewe.

Na lile benchi analokalia, pale karibu na jiko, mguu wake nilipigilia misumari mimi. Mama Sein alisema, "Baba Saitoti, hiyo nitakulipa." Sasa malipo yangu yamekaliwa na Mkamba.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeipata! Musyoka alisimama kwa kumi na saba kama punda amechoka. Mimi nikaenda mpaka kumi na tisa. Jibu 26869, hakikubaki kitu. Nimezidisha kurudi nyuma, imekubali. Kesho atavua miwani.

Ijumaa, 13 Juni
Nilitangaza mbele ya watu wote: "Mama Sein anagawanyika! Kwa kumi na tisa, bila kubaki!"

Kisha mchuuzi mmoja wa mbuzi: "Basi mimi nipewe paja, mzee."

Kibanda kizima kicheko. Mama Sein hakucheka. "Baba Saitoti, wewe ni Mmasai. Mtu hahesabiwi. Na wewe umenigawa? Kinachogawanywa ni kilichochinjwa."

Kwetu hata ng'ombe hatuwahesabu kwa sauti, na mimi nimempasua mjane vipande mbele ya wachuuzi.

Musyoka alikagua hesabu. Angebisha ningefurahi. Akanipa mkono: "Ni kweli, mzee. Mimi ndiye nilikosea." Namchukia hata akishindwa. Chai yangu niliinywea nje, juu ya jiwe.

Jumapili, 15 Juni
Jana sikwenda. Nimesugua ukuta wa choo kwa jivu. Namba imetoka, imeacha doa.

Kesho nitamwambia, kwa sauti ya chini. Mama Sein, wewe hugawanyiki, hata hesabu ikisema nini. Musyoka akae tu, yeye na miwani yake. Lakini ule mguu wa benchi, wewe ulisema utanilipa. Nisongezee nafasi kidogo, upande wa jiko.