Kikohozi Katikati ya Wimbo

Mwenzio, soma hii hadi mwisho.

Asubuhi kaingia mtu studio, simjui wala simtarajii. Mpole, viatu vinang'aa. "Binti, niwekee ule wimbo wa gitaa uliopigwa redioni jana."

Nikamwekea. Ule ule tunaousikiliza usiku wa baridi, mimi na wewe.

Katikati mtoto akakohoa. Jamaa akatabasamu. "Huyo mwanangu. Wanakaa wapi?"

Mwanangu!! Ni yule mume ambaye mwimbaji wetu alimkimbia!

Na kikohozi nilikibakiza mimi. Dada wa watu alisema nikitoe, nikambembeleza eti kina joto la nyumbani.

Nikasema sijui. Akasema, "Basi nipe albamu nzima, hata kama haijatoka. Nitasikiliza polepole."

Nyimbo zote tulizirekodia nyumbani kwao. Wimbo wa sita treni inapita. Wa nane, kengele ya shule.

Bosi akaninong'oneza, "Mpe, au ufungashe virago."

Lakini nilimwahidi dada: huyu akitokea, nafuta zote. Miezi saba ya kurekodi, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo.

Nimefuta mbele yake. Virago ninavyo mkononi.

Akaniuliza taratibu, "Nani mwingine anazo?"

Nikatoka nje kukuandikia. Futa nakala nilizokutumia sasa hivi, kabla hujaniandikia neno.