Ile Nyeusi Ingekaa Ndani

Bariki mwanangu,

Usiguse hiyo kompyuta yako! Hata taa usiwashe, meni swichi nimeizima. Nampeleka Bibi yako hospitali na bajaji ya baba Yasmini.

Asubuhi alikuwa anaifuta kompyuta yako kama kawaida yake. Tangu umwambie mashine ya gemu lazima iwe nyeupe tupu, vumbi jekundu la hapa Buzebazeba analiona kama dhambi. Leo kitambaa kilikuwa kimelowa, naye akafuta mpaka nyuma kwenye waya. Nikiwa jikoni nikasikia anamlilia mama yake, "Mawe we!" Kukimbilia, mkono umeganda pale kwenye bati. Nimeuchomoa waya kwa mwiko wa ugali, sijui nguvu nimezitoa wapi. Anapumua na anaongea, lakini vidole ni vya baridi.

Fundi alikwambia pawa saplai nyeusi, hiyo ya kuingiza umeme kwenye kompyuta, ndiyo imara. Ukasema itakuharibia rangi, ukachukua hii nyeupe isiyo na jina. Inakaa ndani ya boksi, Bariki! Nani angeiona?

~~Nikirudi nisiikute hiyo takataka.~~ Iache ilivyo, fundi aione kwanza.

Samaki wetu wa mgebuka yuko kwenye sufuria, funika vizuri paka asile. Tuletee kitenge cha Bibi na kadi yake ya bima. Fanya haraka, baba.

Bajaji inapiga honi. Bibi yumo ndani tayari, na swali lake ni hilo hilo moja: eti ameiachia doa mashine yako?

Mama