Nilivyokimbia Benki Siku ya Kusaini Nyumba Yetu

Mbugani,
Kyela.
Jumapili, 22 Machi 2026

Mpendwa Mama mdogo Veronika,

Ndaga fijo, asante sana, mama! Nakusalimu kwa furaha ambayo sijui niibebe wapi. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua asubuhi? Na Baba mdogo Mhina, kile kikohozi kimeisha? Huku sisi ni wazima kabisa. Mvua inanyesha kama imetumwa, mpunga umesimama vizuri, na mama yuko kwake ziwani anafinyanga vyungu vyake kama kawaida. Alinituma nikuambie kwamba udongo wa mwaka huu ni mlaini, vyungu vinatoka vizuri.

Najua habari zangu zimekufikia Korogwe kabla ya barua hii. Mama ameniambia ulimpigia simu ukiwa umeshtuka: eti Jubilate amekataa nyumba ya mumewe, amekimbia benki mbele za watu, ndoa ina miezi mitatu na tayari inayumba. Mama mdogo, kaa vizuri, chai iwe karibu. Kukimbia nilikimbia kweli. Kukataa, sikukataa. Ningekusimulia kwa simu, lakini kila nikianza nacheka na salio linakwisha.

Ila lazima nianze na Ezra, maana nisipoanza naye sitaweza kuandika mengine. Mama mdogo, nimeolewa! Bado nikiamka na kumwona pale najiuliza kama ni mimi. Ananichotea maji kabla sijaamka. Akinunua chapati moja anaikata katikati, halafu ananipa kile kipande kikubwa na kuapa kwamba vyote viko sawa. Majirani wanatucheka tukitoka ibadani tumeshikana mikono. Waache wacheke.

Lakini mapenzi hayakutuzuia kupata mitihani. Unajua Ezra alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la kakao. Bei ilipokuwa juu kila mtu Kyela alikuwa tajiri, watu walinunua pikipiki kama wananunua vitumbua. Bei ikaanguka, wanunuzi wakapungua, na ghala likapunguza watu. Ezra alipewa barua yake wiki ya pili baada ya harusi, hata maua ya ukumbini hayajanyauka vizuri. Alirudi nyumbani akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Nikakaa pembeni yake, nami nikavaa vyangu, tukakaa hivyo na viatu vyetu kama abiria. Ndipo akacheka. Baadaye, kwa neema ya Mungu, akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kazi ya mkataba, yenye mshahara wa mwezi. Mshahara ni mdogo kuliko wa kwanza lakini unakuja. Mimi bado niko lile duka la vifaa vya ujenzi, nauza misumari na mabati ya watu huku nikiota ya kwangu.

Chumba tulichopanga, mwenye chumba alikitaka kwa ajili ya mwanawe aliyepoteza kazi Mbeya na kurudi nyumbani. Sikumlaumu, nyakati ndizo hizo. Basi tukaanza kutafuta. Tulikuwa na dalali anaitwa Yakobo, mtu wa maneno matamu kuliko juisi ya miwa. Alitupeleka kwenye nyumba moja nzuri, ina vigae sebuleni. Ezra akauliza habari za maji. Yakobo akasema, "Kaka, hapa maji si tatizo. Hapa maji yanakufuata yenyewe." Nikatazama ukutani, nikaona mstari wa tope umepita usawa wa kifua changu. Nikamwambia, "Ndugu Yakobo, hayo maji yanakufuata mpaka kitandani?" Akasema, "Shemeji, hiyo ilikuwa mwaka jana." Nyingine ilikuwa kavu, lakini mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, na hakutaka harufu ya samaki jikoni. Mimi, mtoto wa ziwani! Nilitoka hata sikuaga.

Hapo ndipo baba mkwe alipotushangaza. Yeye anaishi Ngonga, lakini hapa Mbugani ana pagale. Alilianza miaka ile kakao ilipolipa, akafikisha kuta za vyumba vitatu na jiko, kisha fedha zikakata na majani yakaota ndani. Alimwita Ezra akamwambia, "Mimi sitalimaliza. Chukueni kwa jina lenu, mkatafute wa kuwakopesha, mmalizie." Mama mdogo, nilipoletewa habari nililia hadi nikakosa sauti. Kuta za matofali ya kuchoma, kiwanja kimepimwa, hati ipo, na pako juu, maji hayafiki.

Benki ikakubali kutusikiliza. Mkopo ni wa nyumba: wanakupa kwa awamu, kwanza paa, wakiliona paa ndipo milango na sakafu, na nyumba yenyewe inakuwa rehani mpaka umalize kulipa. Miaka kumi! Nilimwambia Ezra, "Sasa hata ukinichoka huwezi kuniacha, benki haitakuruhusu." Ofisa wa mikopo ni dada mmoja anaitwa Gloria, ametoka Dodoma, alikuwa mgeni kabisa hapa Kyela. Ni mpole lakini mkali kwenye kazi. Alitueleza wazi kwamba hali ya uchumi imefanya maombi mengi yakataliwe, kwa hiyo karatasi zetu zisiwe na doa. Baba mkwe asaini kwamba ametoa nyumba kwa hiari. Ezra asaini mkopo. Na mimi mke nisaini kwamba nimeridhia nyumba iwekwe rehani, bila kulazimishwa na mtu.

Sasa hapa ndipo Baba mdogo Mhina, ambaye si mtu wa huku, atakuuliza maswali. Mweleze kwamba kwa Wanyakyusa wengi wa zamani mke hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Hamtazami, haongei naye, jina lake halitaji. Akimwona njiani anachepuka, anajifunika. Wengi siku hizi wameacha, lakini familia ya Ezra bado wanalishika jambo hilo, na baba mkwe, pamoja na kuwa mzee wa kanisa, analishika zaidi. Mama mkwe alinifundisha kwa upole sana, na mimi, kwa vile nimetoka kwenye familia ya wafinyanzi isiyo na desturi hii na nilitaka wanipende, nimelishika kuliko hata mabinti zao. Ndiyo maana hutaona jina lake katika barua hii.

Mpango ulikuwa mzuri. Yeye angesaini asubuhi na kuondoka, sisi tungefika baadaye. Lakini barabara ya Ngonga iliharibika kwa mvua, akachelewa. Mimi nimeshaketi mbele ya Dada Gloria, kalamu iko mkononi, nimevaa kile kitenge chako cha kijani, mara nasikia kikohozi mlangoni. Kile kikohozi nakijua! Mzee hukohoa kila anapokaribia ili mtu ujipange. Mama mdogo, sikufikiri. Niliangusha kalamu, nikafunika kichwa kwa kitenge, nikapita mlango wa kwanza niliouona. Kumbe ni jiko lao dogo la kupikia chai. Nikajibanza nyuma ya mtungi wa gesi.

Dada Gloria akanifuata, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna mtu anakulazimisha?"

Nikasema, "Hapana!"

"Yule mzee aliyeingia ni nani?"

"Ndiye mwenye nyumba."

"Anaitwa nani?"

Ningesemaje? "Siwezi kumtaja."

"Unamwogopa?"

"Ndiyo. Yaani, hapana. Namheshimu."

Alinitazama kwa huruma mpaka nikajihisi mgonjwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu, maana nilikuwa bado nimejifunika kitenge na mzee anakohoa huko nje. Akarudi kwenye meza yake akafunga jalada. Akamwambia Ezra kwamba mke asiporidhia kwa moyo wake hakuna mkopo, na kwamba tukirudi siku nyingine tutaanza upya nyuma ya wengine. Ezra alijaribu kumweleza, lakini fikiria mwenyewe, mume kusimama kumweleza ofisa kwamba mkewe hajalazimishwa, amejificha tu jikoni. Hakumwamini hata chembe.

Tulirudi tumelowa. Tulipofika kwetu Ezra alianika kitenge changu kilicholowa. Kisha akaniuliza taratibu, "Jubi, nyumba hii unaitaka kweli? Kama huitaki niambie, tutapanga popote." Mama mdogo, hapo ndipo moyo uliniuma. Yaani hata yeye, ambaye desturi ni ya kwao! Nilimjibu, "Naitaka hata kabla haina paa. Ningeweza kulala humo na majani yake." Akanishika mkono. Lakini kesho yake pale bombani akina mama walinyamaza nilipofika, nikajua habari imeshasambaa. Na mwenye chumba alikuwa amekwisha kuuliza mara ya pili tutahama lini.

Aliyetuokoa ni mzee mwenyewe. Bila kumwambia mtu, alirudi benki peke yake kwa miguu, suruali imekunjwa magotini, mwavuli mkononi. Ezra alikuja kusimuliwa na Dada Gloria. Anasema mzee alisimama mbele ya meza yake akavua kofia, akasema, "Mwanangu, yule binti hakukimbia nyumba. Amekimbia kwa heshima. Na angebaki pale, ningekimbia mimi, na umri huu ningeanguka kwenye ngazi zenu." Dada Gloria alicheka mpaka akavua miwani. Mzee akaendelea, "Wewe unataka nini hasa?" Akajibiwa, "Nataka kusikia kwa kinywa chake kwamba ameridhia, na wewe nikuone unasaini." Mzee akauliza, "Dirisha lako linafunguka?"

Ndivyo tulivyofanya! Walimwekea kiti kwenye kibaraza nje, chini ya dirisha, ametugeuzia mgongo. Mimi nikaketi ndani, nimempa mgongo. Karatasi zikapitishwa dirishani. Dada Gloria akaniuliza tena, "Nani anawapa nyumba?" Nikasema, "Yule aliyeketi nje kwenye kiti." Akaandika bila kunibishia. Kisha akauliza, "Je, umeridhia kwa hiari yako?"

Hapo Mama mdogo nilifunguka. Nikamwambia nimeridhia tangu siku ya kwanza. Nikamwambia kitanda kitakaa upande gani ili jua la asubuhi limwamshe Ezra kabla yangu, na vyungu vya mama vitapangwa wapi, na kwamba nimeshachagua mabati, najua hata yamepangwa wapi dukani kwetu. Nikamwambia Ezra ni mume wa namna gani, na ile habari ya chapati. Dada Gloria akanyanyua mkono akasema, "Mama, 'ndiyo' ingetosha." Benki nzima ikacheka. Na huko nje nikasikia kikohozi, lakini hiki kilikuwa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Mkopo umetoka! Paa limepanda wiki iliyopita, bado jiko tu ambalo fundi alilibakiza. Na unajua kwa nini alilibakiza? Mzee alipita akakuta mlango wa jiko unatazama barabara ya Ngonga, njia yake ya kuja mjini. Akamwambia fundi auzibe, autoboe upande wa pili, "ili mtoto apike kwa raha, asiwe anaruka kila nikipita." Fundi alilalamika, lakini aliuhamisha. Kulipa tutalipa kwa jasho, sikufichi. Kuna miezi tutakula mihogo na dagaa. Lakini tutakula kwetu.

Sasa sikiliza la jana, ndilo lililonikalisha niandike. Nilikuwa pale jikoni peke yangu, nang'oa majani, nimekiweka pembeni chungu kikubwa alichonipa mama. Nikasikia kikohozi barabarani. Nikachutama nyuma ya ukuta, nikajifunika. Hatua zikaja, zikasimama, nikasikia kitu kizito kinawekwa chini. Kisha mzee, ambaye hajawahi kusema na mimi hata neno moja, akaanza kusema na ukuta. "Wewe ukuta," akasema, "mwambie mwenye nyumba nimemletea ndizi. Na umwambie namshukuru kwa aliyoyasema juu ya mwanangu."

Mwenye nyumba, Mama mdogo! Mimi! Kumjibu siruhusiwi, na kunyamaza sikuweza. Basi nikakohoa.

Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kirefu, akaondoka nacho mpaka kilipomezwa na mvua. Nilibaki nimechutama nalia na kucheka pamoja, na ndizi ziko upande wa pili wa ukuta, mkungu mzima.

Kwa hiyo usiniombee tena ndoa isivunjike. Niombee mvua itupishe siku moja tumalize bati la jiko. Ukija, chumba cha tatu ni chako, nimeshauambia ukuta.

Msalimie sana Baba mdogo Mhina, na wadogo zangu Asifiwe na Amon, uwaambie dada yao ana nyumba isiyofikiwa na maji. Mama anakusalimu, na Ezra anasema shikamoo. Mungu awafunike wote chini ya paa lake, ambalo halikopwi popote.

Ni mimi mwanao ninayekupenda kwa moyo wote,

Jubilate, mke wa Ezra
(bado naona raha kuliandika)