Taya la Ustadha wa Maparoni

Bi Habiba, assalaam aleykum. Barua mbili nimeshazichana, hii naituma kabla sijaghairi. Mimi ni ustadha, nafundisha mabinti Kurani huku kisiwani Maparoni mwaka wa kumi na moja sasa, nina mume na watoto watatu, na miaka miwili nyuma taya langu la chini upande wa kushoto lilianza kujaa polepole bila maumivu, meno ya mbele yakalegea, nikang'olewa mawili na fundi wa mnadani nikidhani ndiyo mwisho, lakini uvimbe ukazidi, mpaka mume wangu Ukasha akanipeleka Kibiti, na Kibiti wakaniandikia Dar. Dar walikata kinyama wakapima, wakasema si saratani ila unakula mfupa na hauna dawa ya kumeza, lazima wakate sehemu ya taya, waunge kwa mfupa wa mguu, na meno ya bandia yaje baadaye, wakanipa tarehe.

Sikwenda. Siku ile ya kupewa tarehe Ukasha alikuwa amebaki nje, nikatoka nikamwambia kwamba daktari kasema tusubiri mpaka paanze kuuma, akaniamini, na tarehe ya pili nikaipitisha kwa uongo uleule.

Bi Habiba, naogopa kupoteza kisomo kuliko ninavyoogopa kufa. Herufi ya fei inataka mdomo wa chini, sini inataka meno ya mbele ya chini, nikikatwa nitabaki na nini? Sasa navaa niqabu hata darasani penye wanawake watupu. Mwezi uliopita baba wa Warda, mwanafunzi wangu wa miaka saba, alikuja kuniuliza kwa adabu mbona sini ya mtoto inatoka kama thei, nikajua ni yangu ile, anafuata ninavyosoma mimi, nikalia. Jirani yangu Mwanabibi naye anasema uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika, na mfupa wanaounga ni wa maiti au wa nguruwe, na mguu ukishapasuliwa shamba la mpunga niliage. Tarehe ya tatu imebaki wiki tatu, na mabinti sita wanakaribia kukhitimu. Niende, au nisubiri khitima kwanza? Jina langu usilitaje.

Ustadha wa Maparoni

*

Ustadha, waaleykum salaam. Pole sana. Kubeba uso huo miaka miwili huku unafundisha si jambo dogo, na mtu anayelilia herufi anaipenda kazi yake. Pole yangu inaishia hapo.

Mwanabibi amesomea udaktari lini? Nimempigia daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, bila kukutaja. Anasema mfupa wa kuungia ni wako mwenyewe, ule mwembamba wa pembeni ya muundi, na pengine wa nyonga. Ule mnene unaobeba uzito hauguswi. Utatembelea magongo kwa wiki kadhaa, kisha shambani utarudi daktari wako akikuruhusu. Wakitaka kuweka kitu kingine chochote, bamba la chuma au unga wa mfupa, uliza kimetokana na nini kabla hujatia sahihi. Ni haki yako, na hakuna atakayekuona mjinga.

Sitakudanganya kuhusu kisomo. Mdomo wa chini upande huo unaweza kubaki na ganzi, pengine moja kwa moja, na fei itakusumbua. Meno hayawekwi siku hiyo, yanasubiri mfupa ushike, miezi mingi, hata mwaka. Utakula vya majimaji, na uso utavimba kuliko sasa kabla haujashuka. Lakini kwa uvimbe kama wako ulimi kwa kawaida hauguswi, na wengi hurudi kusema vizuri kwa mazoezi. Nani huko Maparoni anayajua mazoezi ya matamshi kukuzidi wewe?

Usichotaka kukisikia ni hiki: kila mwezi unaosubiri unaongeza kipande kitakachokatwa. Hao mabinti sita wakabidhi kwa mwalimu mwingine wiki hii, wakhitimu kwake, nawe ushukuru. Warda amelishika kosa lako kwa sababu anakuheshimu, na ukikaa mwaka mwingine nyuma ya niqabu utawapa wenzake kosa hilohilo. Nakuambia kwa uchungu, maana nimeisoma barua yako mara nne.

Kwa fundi wa mnadani usirudi. Majani unayokunywa au kubandika, kama yapo, mtajie daktari yote, yasije yakagombana na dawa ya usingizi. Tafuta ndugu wawili wa kuchangia damu. Na ukishapona usijione umemaliza, maana uvimbe wa namna hii una tabia ya kurudi, hivyo kliniki utaihudhuria kwa miaka.

Limebaki moja, na hili hakuna bingwa wa kukufanyia. Ukasha alikutoa Maparoni kwa boti mpaka Nyamisati, akakufikisha Dar, na mpaka leo anangoja taya lako liume ili akurudishe. Hajui kwamba anangoja maneno yako. Leo akirudi kutoka shambani mpe chakula, akimaliza mwambie, "Daktari hakusema tusubiri. Niliyesema ni mimi." Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, kisha mpe karatasi ya hospitali yenye tarehe akae nayo yeye.