Jicho la Kulia Limerudi Kazini

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
22 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Eliakimu,

Shikamoo kaka. Habari za Machame? Wifi Selina anaendeleaje na goti lake, na ng'ombe amezaa salama? Huku Bongo hatujambo, joto tu ndilo limeanza kutusalimia. Mwanangu Evelyn ni mzima.

Sasa kaa vizuri. Barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu. Naona, kaka!

Unajua presha ya macho ilishalizima jicho la kushoto, na hili la kulia waliniwekea kimrija cha kupunguza presha. Nilipona, nikarudi dukani kwenye vitenge vyangu. Yaliyofuata nilikuficha, maana ungekuja kunichukua.

Uliingia ule ugonjwa wa macho mekundu, Kariakoo nzima ikavaa miwani ya jua. Langu nalo likawa jekundu. Kila mtu akanipa pole: osha kwa maji ya chumvi, siku chache tu litaisha. Nikaamini, maana nani hakuwa nao?

Kumbe wadudu walikuwa wameingia ndani ya jicho kupitia pale penye mrija. Liliniuma mpaka kwenye meno, nami nang'ang'ania duka. Mteja akaomba kitenge cha bluu, nikampa cha kijani na kuapa kuwa ni bluu. Tukagombana vibaya, hadi Hafidhi wa duka la jirani akaja kuamua.

"Mama Evelyn, hicho kijani kabisa," akasema. "Halafu sisi wote macho yanatuwasha yote mawili. Wewe jekundu moja tu, tena linauma. Huu siyo ule ugonjwa. Twende hospitali, duka mke wangu Moza atakuangalizia."

Bajaji ikatufikisha hospitalini Upanga. Daktari hakunificha: ningezidi kuchelewa, ningelipoteza. Nililia sana. Nilikiona kile chumba ulichonipakia rangi ili nije kukaa nikishapofuka, nami nimeketi kitandani nasubiri kuletewa chai.

Walinichoma sindano ndani ya jicho lenyewe, usiniulize ilikuwaje! Mrija wakautoa. Evelyn akawa ananidondoshea dawa kila saa, haendi popote. Jicho lilipotulia wakaweka mrija mpya, na juzi daktari kathibitisha wadudu wamekwisha na presha imeshuka.

Jana nikafungua duka. Yule mteja wa kijani akapita, nikamwita kwa sauti: bluu hii, kijani hiki, na hilo gauni lako umelivaa nje ndani! Moza akapiga vigelegele, na maduka yote ya mstari wetu yakaitikia.

Nisalimie wifi Selina na shangazi. Jirani yenu Elisaria naye, kwa kuwa karibuni atapasuliwa jicho, mwambie likiwa jekundu asikae kupokea pole, akimbie kwa daktari. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Na kile chumba, kaka, asante kwa rangi. Wekeni mahindi.

Mdogo wako akupendaye na anayekuona,
Matilda