Aliniambia Kahawa Yangu Inanuka Dagaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla hasira hii haijanimaliza, maana wiki ya pili sasa chakula hakipiti. Mimi ni Elina, naishi Mlowo na mume wangu Enoka, wazazi wangu wana shamba la kahawa hapa Mbozi na toka utotoni naona kahawa yetu ikiondoka kwenye magunia kwenda kunywewa na wengine huku sisi tunanunua ya kopo, ndipo mwaka jana nikaanza kukaanga mwenyewe na kutwanga kwenye kinu na kufunga pakiti zenye jina langu, nikauza kwenye ofisi za Vwawa wakaipenda, wakaagiza zaidi, kutwanga kwa mikono kukanishinda, nikawa napeleka kusagwa kwenye mashine ya mtaani.

Baada ya hapo, sijui ni kijicho au nini, wale wa Vwawa wakaanza kunikwepa, huyu anasema bado anayo, yule atanipigia, mwingine akiniona getini anaingia ndani, nikavumilia, nikasema basi niende Tunduma kwenye watu wengi, kwa Mama Tukuswiga mwenye nyumba ya wageni karibu na mpaka, tunayefahamiana naye kwenye makongamano ya akina mama wa kanisa letu. Nikamkuta anawaandalia chai madereva wa malori, nikamchemshia kahawa kwa mikono yangu, akanywa funda moja, akaweka kikombe chini, akanusa pakiti, akasema mbele yao wote, "Mwanangu, hii siwezi kuwapa wageni wangu. Inanuka dagaa."

Madereva wakacheka, mmoja akasema kitu kwa Kibemba wakacheka tena, Kibemba sikijui lakini kuchekwa nakujua. Mama mshauri, nilisikia moto unapanda toka miguuni. Nikamwambia, "Pua yako ndiyo inanuka, ndiyo maana mumeo alikukimbia akaenda kuoa kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka." Nikatoka, nikasimama mlangoni nikawaambia wageni waliokuwa wanakuja na mabegi kwamba mle ndani kuna kunguni, wakageuza, na ukweli ni kwamba sijawahi kuingia hata chumba kimoja cha pale.

Kesho yake akanirudishia pakiti yangu kwa dereva wa basi la kosta, bila neno. Nimeitupa juu ya kabati, sitaki hata kuiona. Enoka anasema niache biashara kwa sababu sina kifua cha kukataliwa, mama yangu anasema nikaombe radhi, mimi nasema aanze yeye aliyenidhalilisha. Nimfanye nini huyu mama, nimshtaki kwa wazee wa kanisa? Na Tunduma nitauzaje tena?

Elina, Mlowo

MAJIBU

Elina, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika. Kuchekwa mbele ya watu kunauma, na Mama Tukuswiga angeweza kukuita pembeni. Kosa lake ni hilo tu. Yaliyofuata yote ni yako.

Jumatatu nilikupigia simu kwa namba uliyoandika, nikakuuliza ile mashine ya mtaani inasaga nini kingine. Ukasema mahindi na unga wa lishe. Nikauliza kwenye lishe watu wanatia nini. Ukasema soya, karanga na dagaa. Nikakuomba uishushe ile pakiti kabatini, uifungue, unuse. Nilisubiri. Uliporudi ulisema kwa sauti ndogo, "Inanuka kweli, mama."

Sasa nisikilize. Wale wa Vwawa waliokuambia kistaarabu kwamba watakupigia walikuacha uendelee kuuza harufu ya dagaa yenye jina lako juu. Mtu mmoja tu alikuambia ukweli, na huyo ndiye uliyemvua nguo hadharani.

Mteja akisema hapana, amekataa pakiti. Hajakukataa wewe wala shamba la baba yako. Ana haki ya kukataa hata kahawa nzuri, na halazimiki kukupa sababu. Akikupa, ishike. Ungemuuliza tu, "Unasikia harufu gani, mama?" ukanusa na wewe, ungerudi Mlowo na dawa ya biashara yako. Badala yake ukaenda kuchimba kidonda cha ndoa yake. Halafu kunguni! Uliwatunga palepale mlangoni, ukamfukuzia wageni, na leo unaniuliza kama umshtaki kwa wazee. Utawaambia wazee alikosa nini? Kuwa na pua?

Enoka naye nasikitika amekosea. Usiache biashara. Kahawa yote iliyosagwa pale mwaga, usimuuzie wala usimgawie mtu. Rudi kwenye kinu, hata kama utauza pakiti chache, mpaka upate mashine ya mkono isiyosaga kitu kingine chochote. Wafuate wateja wa Vwawa mmoja mmoja, waambie kilichoharibika ni nini. Wengine hawatarudi. Waage vizuri, uende mlango mwingine.

Kisha nenda Tunduma. Usitume ujumbe wa simu wala usimtume mama yako. Nenda asubuhi, saa ile ile ya chai, kwa sababu ulimtukana mbele ya watu. Sema mbele yao kwamba kunguni uliwatunga na kwamba harufu aliisema kweli. Habari za mumewe usizirudie hata kwa kuziombea radhi, mwambie tu, "Mama, nilikutukana, nisamehe." Akikusamehe, osha vikombe vilivyopo mezani. Akikufukuza, ondoka kimya bila kununa, maana hata msamaha mtu ana haki ya kuukataa.

Na siku hiyo usibebe kahawa.